Mwongozo wa toleo jipya unawapoteza wenye toleo la zamani, nifanyeje?

Muulizaji (Kigoma): Wakuu, habari za majukumu. Nimetengeneza programu ya simu ya kuandikia manunuzi ya dagaa, inatumiwa na wafanyabiashara wa mwalo wa Kibirizi. Toleo jipya ni 2.0, lakini wengi bado wana 1.4: simu zimejaa, na bando la kupakua si la kila siku. Mwongozo uko mtandaoni, mmoja tu, nao unafuata 2.0. Mama anasoma "bonyeza Funga Siku", anatafuta kitufe, hakipo. Anaamua kwamba yeye ndiye hajui simu. Hilo linaniuma kweli, maana hana kosa lolote. Nyie mnafanyaje?

Mjibu wa 1: Mkuu, weka maandishi ya mwongozo kwenye hazina ileile ya Git (chombo cha kutunza kila badiliko la mafaili) yenye msimbo wa programu yako. Ukipiga tagi ya 1.4, yaani alama ya kudumu kwenye hali ya mafaili siku hiyo, mwongozo wa siku hiyo unabaki ulivyo, kisha kila toleo unalipatia anwani yake. Watu wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, wanafanya hivyo: /docs/12/ ni ya 12 daima, /docs/current/ ndiyo inayohamia toleo la karibuni. Ukitumia Read the Docs, huduma ya kuchapisha miongozo mtandaoni, angalia majina. "latest" kwa kawaida hujengwa kutoka tawi kuu (mkondo wa kazi inayoendelea), kwa hiyo mtu anaweza kusoma kitu ambacho hakijatoka bado. Wape watu "stable", yaani toleo lililokwisha kutoka.

Mjibu wa 2 (Tabora): Naongezea hapo. Usimtwike mama kazi ya kuchagua toleo, hajui hata kama yuko 1.4. Programu yenyewe inajua. Kitufe cha Msaada kifungue /1.4/ moja kwa moja, au bora zaidi mwongozo ukae ndani ya programu, usomeke bila bando.

Muulizaji: Ndani ya programu! Asante sana ndugu yangu, naanza na hilo. Sasa nikikuta kosa kwenye mwongozo wa 1.4, na tagi haiguswi?

Mjibu wa 1: Fungua tawi kutoka kwenye tagi hiyo, liite 1.4.x, sahihisha humo, kisha ukurasa wa /1.4/ ujengwe kutoka kwenye tawi. Ule wa ndani ya simu utangoja toleo dogo, 1.4.1, kwa hiyo wa mtandaoni usiuondoe.

Muulizaji: Na siku nikiacha kuitunza 1.4, nifute kurasa zake?

Mjibu wa 2 (Tabora): Usifute, kaka. Watu wa Django, zana ya kujengea tovuti, huziacha kurasa za matoleo ya zamani, ila juu kabisa huweka onyo kwamba toleo hilo halitunzwi tena. Wewe liandike kwa Kiswahili chepesi, na kiungo cha kupakua jipya kikae hapohapo.