Citroën la kadibodi: kubana matumizi au maringo ya matajiri?

Kisiki
Wakuu, naomba akili zenu. Kuna gari la maonyesho la Citroën linaitwa Oli, lilitoka 2022. Boneti na paa ni kadibodi iliyorejelewa, imepangwa kama sega la nyuki na kubanwa kati ya tabaka mbili za faiba, kazi waliyofanya pamoja na BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani. Kioo cha mbele kimesimama wima ili kitumike kioo kidogo. Mlango wa mbele wa kulia na wa kushoto ni ule ule mmoja. Skrini kubwa hakuna, unachomeka simu yako kwenye dashibodi. Walilenga uzito wa kilo 1,000 hivi, betri ya kWh 40, kilomita 400 kwa chaji moja, na spidi wameifungia 110. Sasa je, kupunguza vitu namna hii ni kutunza mazingira kweli, au wabunifu wa Ulaya wanacheza umaskini? Maana lenyewe halikuingia sokoni.

Jogoo la Shamba
Kadibodi? Masika moja tu ya Tanga, unarudi nyumbani umeshika usukani peke yake 😂

Kisiki
Juu kuna plastiki ngumu, mkuu. Paa linabeba mtu mzima amesimama, wamepiga na picha.

Jogoo la Shamba
Hata mimi nina picha nimesimama juu ya bati la jirani.

Bintimwambao
Niko Munich. 2021 kwenye maonyesho ya magari ya IAA niliiona gari la maonyesho la BMW i Vision Circular kwa macho yangu. Haijapakwa rangi, alumini yenyewe imetiwa ung'avu wa kidhahabu, nembo imechongwa humo humo kwenye bodi badala ya kubandikwa. Lengo lao ni kila kitu kitokane na vilivyokwishatumika na kiweze kutumika tena. Jambo kubwa pale ni gundi, wanaikwepa. Vitu viwili vikishagandishwa, kuvitenganisha ni kazi, vinaishia jalalani. Kwa hiyo Kisiki, hiyo kadibodi iliyogandana na faiba ndiyo ya kuulizia. Ila kwa watu wa kwetu haya ni kupoteza muda. Mtu anabandika spoila na rimu za kung'aa kwenye Probox, anajiona mjuzi wa magari.

Dereva Mstaafu
Binti, Probox imekukosea nini?

Jogoo la Shamba
Hapo umegusa pabaya dada. Probox imesomesha watoto wa watu.

Dereva Mstaafu
Nyie mnatafuta gari la kubana matumizi Munich, wakati Toyota walilitoa 2002. Bati tupu, plastiki ngumu, siti za kulala bapa, kimeza cha kuandikia kinachotoka kwenye dashibodi. Hakuna aliyelipigia makofi kwa sababu hawakuliweka jukwaani chini ya taa. Lilitengenezwa kwa wafanyakazi wa Japani, likaja huku likafanya kazi ya basi, lori na gari la maiti.

Bintimwambao
Sijasema ni gari baya, baba. Nimesema watu wanalipamba.

Dereva Mstaafu
Umesema mtu anajiona mjuzi. Mimi nina rimu za kung'aa.

Mkenya Mtulivu
😂😂 Pole mzee. Kwetu hii ya kupunguza vitu tuliijaribu kitambo. Mobius, ya yule Mwingereza Joel Jackson. Gari la barabara mbovu, bila mapambo, bila AC, nafikiri toleo la kwanza halikuwa hata na vioo vya milango. Wazungu wakaandika sifa mpaka wakachoka. Mnunuzi wa hapa akapiga hesabu, kwa pesa ile anapata mtumba wa Japani wenye AC na redio. Agosti 2024 wakatangaza wanafunga. Hilo ndilo jibu la mada. Maskini hataki gari la kimaskini.

Jogoo la Shamba
Kenya na magari ni kama mimi na hisabati. Lile gari lenu la Nyayo Pioneer ya 1990 iliishia wapi?

Mkenya Mtulivu
Iliishia pale Nyumbu wenu wa Kibaha alipolala. Angalau Mobius ilifika barabarani.

Jogoo la Shamba
Nyumbu ni gari la jeshi, huwezi kulilinganisha na kigari cha siasa!

Mkenya Mtulivu
Na wewe huwezi kulilinganisha kwa sababu hujawahi kuliona.

Kisiki
Jamani, mada.

Lubumbashi Moja
Mbona hakuna anayelitaja lori la OX? Amelibuni Gordon Murray, yule yule aliyebuni gari la kasi la McLaren F1. Linasafirishwa vipande vipande ndani ya kontena na kuunganishwa linakokwenda. Dereva anakaa katikati, hivyo halina shida ya usukani wa kulia au kushoto. Ukikwama matopeni unachomoa mabenchi ya nyuma unayaweka chini ya matairi. Rwanda limebeba mizigo ya wakulima. Huko ndiko kupunguza vitu kwa faida ya mtumiaji.

Jogoo la Shamba
Abiria wanakalia nini mabenchi yakiwa matopeni?

FundiBodi
Niongee kama mnyoosha bodi. Mlango mmoja kwa pande zote mbili ni akili kubwa, mwenye duka la spea pale Gerezani anaweka aina moja badala ya mbili. Lakini hilo boneti la kadibodi likigongwa na bodaboda nifanye nini? Bati nalipiga nyundo linarudi. Faiba ikipasuka na kadibodi ndani imevunjika, unatupa, unaagiza jipya kwa meli. Huo uendelevu ni wa nani?

Bintimwambao
Fundi, bati mnalirudisha kwa puti kilo tatu halafu mnapuliza rangi bila hata barakoa, moshi wote kwa majirani. Mazingira gani hapo?

FundiBodi
Dada, usiniletee Ulaya. Puti natumia panapohitajika. Gari la 1996 linatembea leo kwa mikono yangu, hiyo BMW yako imetembea kilomita ngapi?

Mama Noah
Mimi naunga mkono kupunguza, ila wasipunguze vitufe. Siku hizi wanaondoa vitufe vyote, wanaweka skrini moja, wanasema ni unyenyekevu. Kuwasha waipa mpaka utafute kwenye menyu huku mvua inapiga. Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, wenyewe wamechoka, kuanzia 2026 anayetaka nyota tano aweke indiketa, honi na waipa za kushika kwa mkono.

Dereva Mstaafu
Probox ina vitufe vyote.

Bintimwambao
Na moshi wote, baba.

Dereva Mstaafu
Moshi upi? Imepimwa! Wewe umeondoka hapa lini hata ujue moshi wa Probox yangu?

Kisiki
Nitafungua mada nyingine ya Probox, tafadhali hamieni huko.

Mkenya Mtulivu
Ifungue haraka, mzee bado hajataja bei ya zile rimu.

Dereva Mstaafu
Laki nne, zote. Na hazijabandikwa kwa gundi.