Mombasa hadi Bwindi kuona gorila wa milimani: tuanzie wapi?

Kibokoni_Mtaani
Asalaam alaikum jamaa. Tunapanga kwenda Uganda mwezi wa nane kuona gorila. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mama (miaka 61, magoti yamsumbua) na kijana wetu wa miaka 14. Sote raia wa Kenya. Nimepata vyumba vya bei nafuu Buhoma na nataka kuvilipia wiki hii, kibali cha kuwaona gorila nitakitafuta baadaye. Nimeona mahali pameandikwa dola 800 kwa mtu, ni kweli? Mama ataweza? Na mke wangu avaa buibui, kuna tatizo msituni?

Nahodha_Nyikani
Wa alaikum salaam. Vyumba usivilipe bado. Msitu wa Bwindi una sehemu nne: Buhoma kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini. Kibali huandikwa sehemu moja na siku moja, na kila familia ya gorila hupokea watu 8 tu kwa siku. Mwezi wa sita hadi wa tisa ni kiangazi na ndio msimu wenye watu wengi, kwa hivyo unaweza kukuta Buhoma imejaa ukapewa Rushaga. Kutoka Buhoma hadi Rushaga ni nusu siku ya barabara ya milima, na usajili huanza saa moja u nusu asubuhi. Hutafika. Hili ndilo kosa linalowapotezea watu pesa kuliko yote: anza na kibali, kisha malazi ya sehemu hiyo hiyo, gari mwisho.

Dola 800 ni ya mgeni wa nje. Raia wa Afrika Mashariki, tangu Julai 2024, ni shilingi 300,000 za Uganda, yaani elfu kumi na kitu za kwetu. Kibali chanunuliwa kwa mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, Kampala, au kupitia kampuni ya utalii iliyosajiliwa. Jina lifuate kitambulisho herufi kwa herufi, na kitambulisho chenyewe mwende nacho hadi langoni, kwani ndicho kinachothibitisha bei yenu.

Kijana wa 14 haruhusiwi. Umri ni 15 kwenda juu na hati hukaguliwa. Kama atatimiza kabla ya siku yenyewe, sawa. La sivyo mmoja wenu abaki naye; Buhoma kuna matembezi ya maporomoko ya maji yasiyo na gorila.

Bi_Makadara
Kuhusu mama. Msitu uko kati ya mita 1,160 na 2,607 juu ya bahari, na sisi twatoka mita sifuri, kwa hivyo pumzi itakatika hata kwa aliye mzima. Mwendo waweza kuwa saa moja au saa sita, inategemea gorila wamelala wapi. Njia mara nyingi hakuna, askari wa wanyamapori wafyeka kwa panga, na matope yateleza kama mlenda. Asubuhi ile kabla ya kugawanywa makundi, mwambieni askari kiongozi wazi kwamba kuna mtu wa magoti, muombe familia iliyo karibu. Wasikizi kabisa, ila wakishagawa hawabadilishi. Mkodishieni mpagazi wake peke yake. Kazi yake si mkoba tu, atamshika mkono kwenye mteremko, na kushuka ndiko kunakoua magoti. Akishindwa kabisa kuna machela ya kubebwa na watu, kwa malipo ya juu, na ni bora yaagizwe mapema, si katikati ya msitu.

Buibui litanasa kwenye miiba na kubeba matope hadi magotini. Suruali pana ya kitambaa kizito, kanzu fupi juu yake, mtandio uliofungwa nyuma. Ncha za suruali ziingie ndani ya soksi ndefu, maana siafu hawaulizi ulivaa nini. Glavu za bustani ni lazima, majani ya kuwasha yako kila mahali na mtu akiteleza hushika chochote. Koti la mvua hata Agosti. Sweta pia, usiku wa kule si wa Mombasa. Chakula mbebe wenyewe, mahamri na mayai ya kuchemsha yanatosha. Malazi waambieni mapema kama mwataka halali.

Mzee_Ganjoni
Ninaongezea la afya, ndilo linalowatoa watu foleni. Ukiwa na mafua au kikohozi siku hiyo, huendi. Gorila huambukizwa magonjwa yetu kwa urahisi. Mwaka 1996 upele ulizuka kwa gorila wa Bwindi na ukahusishwa na watu. Barakoa huvaliwa mkiwakaribia. Umbali zamani ulikuwa mita 7, baada ya korona ukawa 10. Wengi bado wanaandika 7. Muda ni saa moja tu tangu muwaone, na flashi ya kamera imekatazwa. Dume mkubwa akikujia kwa kishindo usikimbie: chuchumaa, tazama chini, fuata askari.

Na chanjo ya homa ya manjano: ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, ndipo kadi itambulike. Mtu huchomwa siku tatu kabla kisha akashangaa mpakani.

Kibokoni_Mtaani
Shukran sana. Vyumba nimevisitisha. Barabara je?

Nahodha_Nyikani
Treni ya Miritini, hapo Mombasa, hadi Nairobi, basi la usiku kupitia mpaka wa Busia au Malaba hadi Kampala, lala hapo. Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, siku nzima. Kama kibali ni cha Rushaga, Kabale hadi huko kodi gari lenye nguvu na dereva wa huko huko. Kwa hiyo siku tatu za kwenda, na muwe mmelala karibu na lango usiku wa kuamkia. Mkipitia Kigali, kumbukeni saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja na mifuko ya nailoni itachukuliwa uwanja wa ndege.