Shakespeare alikuwa mlanguzi wa nafaka? Tujadili bila jazba

KINYONGA MBISHI (mleta mada):
Wakuu, salaam. Shuleni tulikaririshwa kwamba Shakespeare ni bingwa wa tamthilia, basi. Kuna karatasi moja ya Stratford-upon-Avon, mji aliozaliwa mwaka 1564, ambayo hatukusomeshwa. Februari 1598 kuliorodheshwa nani ameweka nafaka ndani na kiasi gani. Mavuno yalikuwa yameharibika mfululizo tangu 1594, bei imepaa, na mji wenyewe ulikuwa umeungua mara mbili, 1594 na 1595. Jina la Shakespeare limo: kimea, kota 10. Kwa vipimo vyetu ni karibu lita 2,800, debe 140 hivi, magunia ishirini na ushee. Mwaka mmoja kabla alikuwa amenunua New Place, mojawapo ya nyumba kubwa kabisa za mji ule.

Siku chache kabla ya orodha hiyo, mwenyeji mmoja aitwaye Abraham Sturley aliandika barua akieleza hasira za watu: wapo waliotamani kuwaona wenye kimea wakining'inia kwenye milango ya nyumba zao wenyewe.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth kule Wales walilifufua suala hili na kelele zikawa nyingi. Mimi nasema hivi: kwa Kiswahili cha Tanzania ya mwaka 1983, enzi za msako wa wahujumu uchumi, huyu ni mlanguzi. Na miaka kama kumi baadaye akaandika Coriolanus, mchezo wa Roma ya kale unaofunguliwa na raia wenye njaa wakilalamika kwamba wakubwa wamejaza maghala na wanatunga sheria za kuwabeba wala riba. Aliyajua maghala hayo kwa sababu moja lilikuwa lake. Wanafunzi waambiwe. Karibuni, matusi tuyaache nje.

DALALI WA KIBAIGWA:
Mkuu, umenigusa penyewe. Kwanza kimea si unga wa ugali. Ni shayiri iliyolowekwa, ikachipuzwa, ikakaushwa. Kazi yake ni pombe. Stratford ulikuwa mji wa kimea kama Kibaigwa tulivyo watu wa mahindi. Kwenye orodha hiyo hiyo kuna majirani waliomzidi, mbona hao huwataji? Kwa kuwa hawakuandika michezo ya kuigiza.

Pili, mwenye ghala mwezi wa saba mnamwita mwizi, mwezi wa pili mnamgongea mlango saa kumi na moja alfajiri.

Na umetaja 1983, sasa ngoja niseme. Wakati wa msako wa wahujumu uchumi baba yangu alikuwa na katoni sita za sabuni kwenye kaduka kake. Akazibeba usiku akazitupa mtoni. Hakuwa mlanguzi, alikuwa na duka. Ukipita nyumba kwa nyumba na daftari utaandika kila mwenye stoo.

KINYONGA MBISHI:
Pole kwa ya mzee. Lakini Dalali, shayiri inayogeuzwa kimea ndiyo hiyo hiyo ambayo maskini angeisaga akapata mkate. Ndiyo maana serikali ya Malkia Elizabeth ilikuwa inabana utengenezaji wa kimea kila njaa inapoingia. Na usiniambie ilikuwa ya pombe ya nyumbani tu. Mwaka 1604 alimpeleka mahakamani muuza dawa wa hapo hapo Stratford, Philip Rogers, kwa deni la kimea, zaidi ya shilingi 35 za wakati huo. Asiyefanya biashara ya kimea hadai watu kimea.

MPITA NJIA:
Mnahangaika bure. Aliyeandika hiyo michezo ni Edward de Vere, yule lodi wa Oxford, huyu wa kimea ni jina tu.

TICHA WA FASIHI:
Mpita Njia, de Vere alifariki 1604. Coriolanus aliiandikia kaburini? Kinachonichekesha ni kwamba wanaomkataa Shakespeare huanzia kwenye kimea hiki hiki: eti mtu wa magunia hawezi kuwa mtu wa mashairi. Njooni sokoni msikilize wabeba mizigo wakitupiana maneno. Tuendelee.

Nina mawili. La kwanza, kazi yenyewe ilikuwaje. Tauni ilifunga majumba ya michezo London kati ya 1592 na 1594. Kwa sheria ya 1572, mwigizaji asiye na bwana mkubwa wa kumdhamini alihesabiwa mzururaji, na mzururaji adhabu yake viboko. Hakimiliki haipo: ukishaliuzia kundi mchezo, umeuza. Kilichompa Shakespeare maisha ni hisa zake ndani ya kundi lake na, kuanzia 1599, ndani ya ukumbi wa Globe, ambako mtu alilipa peni moja akasimama uwanjani kutazama. Mwaka mmoja wa tauni, kwishnei. Mtu wa kazi hiyo akishika hela anaiweka kwenye nyumba, ardhi na vitu vya ghalani. Halafu kumbukeni baba yake: fundi wa glavu aliyepanda hadi kuwa mkuu wa mji mwaka 1568, akashtakiwa 1570 kwa kukopesha kwa riba, kisha akaporomoka kabisa. Mtoto aliyeyaona hayo nyumbani kwao haachi ghala tupu. Simtetei, naeleza tu alikotoka.

La pili ni la kwetu. Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na watu husema alichomeka siasa kwenye jina. Sawa, ila bepari katika Kiswahili cha zamani ni mfanyabiashara tu, neno lililotufikia kutoka India. Ubepari wa kulaaniwa ulikuja baadaye. Mimi naamini Mwalimu alizitaka maana zote mbili, mtu mwenye sikio lile la lugha hawezi kuteleza hapo. Sasa chukueni mwandishi wa Shylock, yule mkopeshaji wa mchezo huo, na riba yake, mumweke mbele ya barua ya Oktoba 1598 ambayo Richard Quiney, mtu wa mji wao, alimwandikia akiomba msaada wa pauni 30. Ndiyo barua pekee iliyobaki duniani kati ya zote alizoandikiwa Shakespeare. Ya kukopa!

DALALI WA KIBAIGWA:
Hahaha! Ukiwa nazo, barua zote ni za namna hiyo. Leo zinaingia kwenye simu.

KINYONGA MBISHI:
Ticha umenilegeza kidogo. Kwa orodha ya 1598 peke yake, nakubali, neno mlanguzi linaweza kuwa kali. Lakini Welcombe mtaniambia nini?

Mwaka 1605 alitoa pauni 440 akanunua sehemu ya haki ya kukusanya zaka za mavuno ya eneo lile. Mwaka 1614 tajiri mmoja, William Combe, akataka mashamba ya Welcombe yazungushiwe mitaro na ua yawe malisho ya kondoo. Mnajua maana yake: kondoo mia wanatosheka na mchungaji mmoja, waliokuwa wanalima waende wapi? Na ilikuwa miaka saba tu tangu wakulima wa mikoa hiyo hiyo ya katikati ya Uingereza wainuke, mwaka 1607, wakivunja nyua za aina hiyo na wengine wakauawa. Halmashauri ya Stratford ikapinga. Shakespeare je? Oktoba 1614 alikuwa ameshaweka mkataba kwamba mapato yake ya zaka yakipungua, atafidiwa. Yeye kajikinga, wenzake shauri yao. Halmashauri ikamwandikia barua kuomba msaada; hakuna mahali panapoonyesha alisimama nao. Januari 1615 wanawake na watoto wa Stratford na Bishopton ndio waliokwenda kuifukia mitaro.

Huyo ndiye aliyeandika kilio cha wenye njaa wa Roma.

TICHA WA FASIHI:
Kwenye wosia wake wa 1616 aliwaachia maskini wa Stratford pauni 10.

KINYONGA MBISHI:
Kumi, Ticha. Zaka alinunua kwa 440.

DALALI WA KIBAIGWA:
Hiyo ya Welcombe sikuwa nayo. Sitaitetea. Kimea natetea mpaka kesho.