Mjadala: Je, tuweke sheria ndogo ya saa za kupulizia viuagugu?

Mtoa mada, Mabogini
Naleta hoja kwamba vijiji vya tambarare ya Moshi, kuanzia Mabogini hadi Kahe, viruhusu upuliziaji wa viuagugu kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi pekee. Saa hizo upepo huwa umetulia, hivyo dawa haipeperuki hadi kwenye nyanya za jirani wala madirisha ya shule.

Mchangiaji, Ngaramtoni
Nia naikubali, saa nazipinga. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa, na hewa baridi huteremka kutoka mlimani ikatuama tambarare chini ya hewa yenye joto zaidi, kwa hiyo matone madogo kabisa yanayotoka kwenye noseli, yaani ncha ya bomba la kupulizia, hayatawanyiki juu, bali huelea karibu na ardhi na kusogea taratibu yakiwa pamoja, pengine mbali kuliko tunavyodhani. Anayetaka kuhakikisha autazame moshi wa jikoni alfajiri: ukipanda kidogo kisha ukatandaa kama shuka, asiguse bomba mpaka jua lipashe ardhi na upepo mwepesi uanze. Nyanya zilizofikiwa na kiuagugu cha 2,4-D hazifichiki, maana majani machanga hujikunja na kuwa membamba, na vikonyo hupinda.

Mchangiaji, Kahe
Ndugu zangu, kibarua ana bomba moja la mgongoni na mashamba ya watu kadhaa yanamsubiri. Masika ikimwachia asubuhi moja kavu, mnamwambia akae atazame moshi?

Mchangiaji, Ngaramtoni
Atazame, na gharama ya kusubiri aibebe mwenye shamba. Ila tunazungumzia matone tu, ilhali dawa huendelea kupaa hata bomba likishaoshwa. Watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walipima shamba la mahindi la Beltsville, Maryland, kwa miaka minane, wakakuta metolakloro, dawa ya kuua magugu, iliyopaa kama mvuke imezidi ile iliyosombwa na maji ya mvua, hata kufikia mara 25. Udongo ukiwa mkavu, joto halikuongeza mvuke huo. Ukiwa na unyevu, joto liliuzidisha sana, kwa kuwa maji huishindania dawa nafasi kwenye chembe za udongo na kuiachia ipae. Mvua ya usiku ikifuatwa na jua kali la saa sita ndiyo masika yetu hasa, na hapo saa ya kupulizia haisaidii kitu. Glaifoseti, ambayo nayo ni kiuagugu, haigeuki mvuke kirahisi, kwa hiyo dawa zote zisihukumiwe kwa kipimo kimoja.

Mtoa mada, Mabogini
Sharti la moshi naliafiki, kwani kila mtu anauona. La kuzuia upuliziaji udongo ukiwa na unyevu silipokei: mgambo atauthibitishaje mbele ya baraza la kata, siku tatu baadaye, udongo ukiwa umeshakauka?

Mchangiaji, Ngaramtoni
Hilo si la mgambo. Viuatilifu husajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu hapa Arusha, na sharti la unyevu liandikwe kwenye kibandiko cha kila kiuagugu kinachopaa, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mnunuzi anaweza kuzisoma pale dukani.