Besançon 1157: acheni kumtupia lawama mkalimani!

Wakuu, nimetoka kwenye semina ya wakalimani nimefura, acheni niteme nyongo. Mwezeshaji, mtu mzima na tai yake, katuletea kisa cha mji wa Besançon, Oktoba 1157, eti mfano wa tafsiri mbovu iliyowagombanisha Papa Adrian IV na Kaisari Frederick Barbarossa wa Ujerumani. Ukumbi mzima ukacheka.

Jamani, hao walishagombana kitambo! Juni 1155 pale Sutri, karibu na Roma, Frederick aligoma kumwongozea Papa farasi na kumshikia kikuku cha kupandia, kazi ya mtumishi. Papa naye akamnyima busu la amani, makardinali wakatimka. Mpaka wazee wamkumbushe Frederick desturi ndipo akakubali. Papa akamvisha taji la Kaisari tarehe 18 mwezi huohuo, kisha huyoo Ujerumani, bila kupigana na Wanormani wa Sisilia kama Papa alivyotarajia. Adrian kuona kaachwa solemba, mwaka 1156 akapatana na Wanormani haohao kule Benevento. Frederick akanuna. Hapo mkalimani yuko wapi?

Ndiyo ikaja barua ya Papa pale Besançon. Papa analalamika kwamba Eskil, askofu mkuu wa Lund, katekwa ndani ya himaya na Kaisari kanyamaza. Anamkumbusha lile taji, anaongeza kuwa asingejuta hata kama angempa beneficia kubwa zaidi. Kilatini hicho kina maana mbili: fadhila, au ardhi ambayo kabaila hupewa na bwana wake ili amtumikie. Rainald wa Dassel akiwasomea wakuu kwa Kijerumani akachukua ya pili, kana kwamba Kaisari kapewa himaya na Papa kama mtumishi wake. Otto wa Wittelsbach nusura amfyeke mjumbe wa Papa kwa upanga.

Sasa Rainald ndiye mnamwita mkalimani aliyekosea? Yule alikuwa kansela wa Kaisari, msomi, alijua anachokifanya! Tena Laterani, jumba la Papa huko Roma, kulikuwa na picha ya Kaisari wa zamani, Lothar, akionyeshwa kama mtumishi wa Papa, na Frederick alishailalamikia. Mwaka 1158 Adrian akajitetea kuwa alimaanisha bonum factum, yaani jambo jema tu. Mimi siamini kabisa kwamba huko Roma hakuna aliyejua lile neno linakata kuwili.

Nikanyoosha mkono niseme haya, nikaambiwa muda umekwisha, twendeni chai. Elfu hamsini yangu ya kiingilio ndiyo imeenda hivyo.