Naomba ushauri: jedwali la parameta linanitesa
Wakuu habari za saa hizi, nimejitengenezea kiprogramu cha Python, PyQt mbele (ya madirisha na vitufe) lmfit nyuma (maktaba ya kufiti), cha kufiti vilele vya Gauss, yani kulinganisha mikunjo yenye umbo la kengele na vilele vilivyo kwenye data za XRD (vipimo vya mtawanyiko wa eksirei), sasa vilele vikifika sita tayari parameta 18 (tatu kwa kila kilele: ukubwa, mahali kilipo na upana), kila moja na thamani yake, kima cha chini, cha juu na kiboksi cha kutiki isibadilike, yani mtu anapotea. Kinachonikera zaidi, ukitaka kuandika upana 0.35, ile unagonga sifuri tu inachora upya, inagawanya kwa sifuri, grafu inatoweka! Nisubiri mtu abonyeze Enter ndo ichore? Slaida (kile kitelezi cha kuburuta) nimejaribu, ila kwa namba kama 1e-5 (yani 0.00001) ni utani mtupu. Na kufunga upana wa vilele viwili viwe sawa bila kumwandikisha mtu fomula, mlifanyaje?