Punda kachomwa sindano ya kufa, mzoga tuupeleke wapi?

mama_Ipuli: Wakuu habari zenu, niko Tabora huku Ipuli. Punda wetu wa kubebea maji kagongwa na lori jana jioni, mguu wa nyuma umevunjika mpaka mfupa ukatokeza nje, dokta wa mifugo kaja kaangalia akasema hapa hamna tiba mtamtesa tu, akamchoma sindano kwenye mshipa wa shingo akalala. Sasa vijana wanataka waukokote wakautupe porini fisi na tumbusi wamalize, na jirani anaomba paja achemshie mbwa wake wa ulinzi. Roho yangu inasita, hii imekaaje?

mfugaji_Urambo: Pole sana dada. Usimpe mtu hata kipande! Muulize dokta jina la dawa, kama ni pentobabitali basi jua hiyo inabaki kwenye nyama, damu na maini, na kuchemsha hakuitoi. Marekani mwaka 2018 chakula cha mbwa cha makopo kilirudishwa toka madukani kwa kukutwa na dawa hiyo hiyo na kilishapikwa kiwandani. Mbwa akila anayumba, anaanguka, akizidisha haamki tena.

Kigoma_Mwanga: Na porini ndo msitupe kabisa jamani. Tumbusi mmoja akishuka wenzake wanamwona toka mbali wanashuka wote, mzoga mmoja unamaliza kundi, na tumbusi mgongo mweupe tangu 2015 yuko daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Huko Marekani tai wakifa kwa mzoga wa hivyo, mwenye mnyama na dokta wote wanaweza kushtakiwa.

mfugaji_Urambo: Kweli kabisa. Fukia leo leo, udongo wa juu upate mita moja au zaidi, juu yake panga mawe na miiba fisi asifukue. Usichimbe mbugani maji yanakotuama masika wala karibu na kisima, dawa hiyo inaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka. Kuchoma kwa kuni punda mzima haungui akaisha. Ila mwone kwanza afisa mifugo wa kata. Na siku mnyama akifa ghafla mwenyewe, damu inamtoka puani, usimpasue wala kumchuna, huenda ni kimeta, toa taarifa tu.

mama_Ipuli: Asanteni mno. Dokta kathibitisha ni hiyo hiyo, jirani kanuna ila paja hapati. Afisa mifugo anakuja saa kumi kutuonyesha pa kuchimba, aliye Ipuli na ana sururu aniazime tafadhali, ardhi ya huku saa hizi ni ngumu balaa.